Bakuli Kifudifudi

Nchi yenyewe ipo, ila jina lake sitawatajia. Si woga. Jina lilichukuliwa na tume ili lifanyiwe maboresho, na tume bado iko semina kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, na wajumbe wameomba wasisumbuliwe. Kwa sasa wenyeji husema tu "nchi hii", baada ya kutazama nyuma yao kwanza. Mimi nitasema "nchi ile", maana niko mbali nayo kidogo, namshukuru Mungu.

Kiongozi wa nchi ile huitwa Mzazi Mkuu. Wananchi wote ni wanawe. Anawapenda mno, na kwa kuwa ni wengi hajapata nafasi ya kuonana nao, lakini picha yake huonana nao kila mahali: benki, buchani, kliniki ya wajawazito, hata juu ya mlango wa choo cha stendi, ambako humtabasamia kila anayeingia na kila anayetoka.

Basi katika nchi ile, kwenye mtaa ulioitwa Mashineni kwa sababu ya mashine ya kusaga iliyokuwa pale, aliishi mwanamke aitwaye Chausiku. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka katika gesti iliyo nyuma ya stendi, na waheshimiwa wakija wilayani ndimo walimofikia. Chausiku aliwajua waheshimiwa kabla hawajapanda jukwaani, maana alishafua walichoacha. Walifutia viatu mapazia. Walipangusa kamasi kwa kona ya shuka, kisha wakaikunja kona ile kwa ndani, vizuri, kwa adabu zote, ili aikute mwenzao. Bwana mmoja aliyekuja kuwa mgeni rasmi wa Wiki ya Usafi aliacha mifupa ya kuku ndani ya foronya. Kila jioni Chausiku alijisugua mikono kwa ndimu mpaka ikamuuma, na kinyaa hakikumtoka.

Alikuwa na binti mmoja, Sikujua, na alikuwa na hofu moja: mtoto huyu asije akakua akawa mtu wa kukunja kona ya shuka. Mengine, kama vile mvua kuingia ndani na mshahara kuingia kwa kuchelewa, alikuwa ameshayazoea. Hili hakutaka kulizoea.

*

Ndiyo maana aliipenda Bati Jekundu kuliko mahali pengine popote duniani.

Bati Jekundu kilikuwa kikundi cha malezi cha wazazi wenyewe, cha wale ambao wakienda kazini hawana wa kumwachia mtoto. Hakikuwa na mwalimu wala bango. Palikuwa na banda lenye paa jekundu, ua wa mabanzi, kisima chenye mfuniko wa zege, bembea ya tairi, na watoto wa kila umri wamechanganyika, kuanzia anayetambaa mpaka anayekaribia kuanza darasa la kwanza. Wazazi walishika zamu. Mzazi wa zamu alipika uji asubuhi, akautua katikati ya mkeka, kisha akaenda kukaa kwenye kigoda mlangoni na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Siku ilikuwa ya watoto. Wakitaka kuwaogesha kuku, waliwaogesha kuku. Wakiamua leo ni siku ya kutembea kinyumenyume, hata chooni walikwenda kinyumenyume. Mzazi alikatazwa kufungua mdomo ila kwa mambo matatu tu.

"Damu, moto, kisima," Baba Mbonde alikuwa akijisemea kila zamu yake, vidole vimebana midomo. Baba Mbonde alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi, na mwanawe Mbonde ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusimama na kula udongo. "Udongo si damu," alijikumbusha. "Udongo si moto. Kaa, mwanamume, kaa."

Na mambo yalikwenda. Wakubwa waliwafunga wadogo vifungo, wadogo wakawafunza wakubwa kusubiri. Kuhusu uji, watoto walikuwa na sheria waliyoitunga wenyewe. Mkubwa wao ndiye hushika upawa. Huanza na aliye mdogo kuliko wote, akapanda hivyo hivyo kwa umri, na mwenye upawa hula wa mwisho, kile kilichobaki, hata kama ni ukoko. Sheria ile ilianza siku mvulana mmoja aitwaye Sudi alipojipakulia kwanza. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemshtaki. Wenzake waligeuza bakuli zao kifudifudi juu ya mkeka, mmoja baada ya mwingine, wakaweka mikono juu yake na kumtazama. Sudi akashindwa kumeza. Tangu siku hiyo, pale Bati Jekundu bakuli kifudifudi lilikuwa na maana moja: hatukubali.

Sudi alishaanza shule, na sasa upawa ulikuwa kwa Sikujua. Siku za zamu yake Chausiku alikaa kwenye kigoda akamwona bintiye akigawa, akigawa, mwishowe akichungulia sufuria na kukwangua. Siku hizo hata ndimu hakuitafuta.

*

Katika nchi ile, kitu kinachokwenda vizuri bila serikali huhesabiwa kuwa mali iliyopotea, na serikali huja kuichukua. Akaja Mheshimiwa Kishindo, Waziri wa Malezi, Makuzi na Mambo Mengine Yanayofanana na Hayo. Mashine ya kusaga ilizimwa ili ving'ora visikike. Akapanda juu ya mfuniko wa kisima, kwa kuwa ndipo palipoinuka, akatoa hotuba.

"Ndugu wananchi, na hasa nyinyi wananchi wadogo wadogo! Serikali sikivu ya Mzazi Mkuu imesikia, imeona, na imenusa. Imenusa maendeleo! Nimeambiwa hapa watoto wanajiongoza. Safi sana! Lakini najiuliza, hivi kweli kujiongoza kwao kumekosa kiongozi? Tutaacha watoto wa taifa hili wajiongoze ovyo ovyo?"

"Hapanaaa!" alijibu peke yake Bwana Mlekwa, Katibu Mkuu wa wizara. Alimpangusa Waziri jasho kwa leso, kisha akajipangusa mwenyewe kwa leso ile ile, polepole, kama mtu anayejipaka mafuta mazuri.

"Mheshimiwa," alisema Baba Mbonde, "samahani. Hapa sisi wakubwa hatuongozi. Anayeongoza ni mtoto."

"Ndiyo utaratibu?"

"Ndiyo utaratibu wenyewe, Mheshimiwa."

Waziri akawaza. Mawazo yalimchosha, akachokonoa jino kwa ukucha, akautazama ukucha, akaupangusa kwenye tairi la bembea. "Basi utafuatwa," alisema. "Sisi ni serikali ya taratibu."

Wazazi walipiga vigelegele, masikini. Chausiku hakupiga. Alikuwa anautazama uchafu wa jino la Waziri pale kwenye tairi, mahali watoto wanaposhika.

Wiki haikuisha, likatoka tangazo katika Gazeti la Serikali. Kwa mamlaka aliyonayo, Mzazi Mkuu alimtangaza Waziri wa Malezi, Katibu Mkuu wake, na wakurugenzi wote wa wizara kuwa watoto.

*

Walifika asubuhi wamevaa suti zilizokatwa magotini, na shingoni wamefungwa vitambaa vya uji vyenye nembo ya taifa. Magari yaliachwa nje yananguruma, kwa sababu watoto wale walipenda kukuta ubaridi wakati wa kurudi.

Kwanza likazuka suala la salamu. Mtoto humwamkia mkubwa, kwa hiyo Chausiku, ambaye sasa alikuwa mkubwa mbele ya sheria, alisimama mlangoni akingoja. Waziri naye akasimama akingoja. Watu wakasimama hivyo mpaka Bwana Mlekwa alipokohoa na kueleza kwamba mwongozo uko wazi: mtoto wa kuteuliwa huamkiwa.

"Shikamoo, mtoto," alisema Chausiku.

"Marahaba, mama," alijibu Waziri kwa sauti nzito, chuchu ya plastiki ikichezacheza mdomoni. "Nasikia njaa."

Wakaketi mkekani. Hawakungoja kugawiwa. Waziri alimnyang'anya Sikujua upawa, akanywa nao, akaungua, akautema uji ndani ya sufuria na kuukoroga usambae. Mkurugenzi wa Makuzi alipenga kamasi kwenye shati la Mbonde, maana Mbonde ndiye aliyekuwa karibu. Mwingine alikuwa na mafua na hakuona sababu ya kugeuka pembeni. Bwana Mlekwa alivua viatu, na soksi zake zikatoa harufu ya panya aliyefia nyuma ya kabati. Watoto wawili wadogo wakaangua kilio, na redio ikatangaza kwamba walilia kwa furaha.

"Mama!" aliita Waziri. "Nipanguse."

Chausiku hakuinuka kwenye kigoda. "Mheshimiwa, hapa mtoto hujipangusa mwenyewe. Akishindwa, mwenzake humsaidia. Mzazi anakaa kimya."

"Mwongozo umesema usafi wa mtoto ni juu ya mzazi wa zamu," alisema Bwana Mlekwa bila kumtazama. "Au mama hapendi watoto?"

Akaenda. Akampangusa Waziri mdomo, akampangusa kidevu, akampangusa mikunjo ya shingo ambamo uji ulikuwa umeanza kuganda. Ngozi ilikuwa ya moto, inanata. Waziri alifumba macho kwa raha, akambeulia usoni, na harufu yake ilikuwa ya mbuzi choma wa jana na bia juu yake. Chausiku alitoka mbio nyuma ya banda akatapika mpaka akatoa maji matupu.

Aliporudi alimkuta Sikujua amesimama na bakuli tupu, anawatazama wale wanaokula. Hakuwa na kinyaa usoni. Alikuwa anawatazama vile mtoto anavyomtazama fundi akiwa kazini, jinsi anavyoshika, jinsi anavyoanza. Chausiku hakuupenda mtazamo ule hata kidogo.

*

Mradi ukashika kasi. Bembea ilifungwa utepe, ikawa ya wenye cheo cha mtoto. Saa ya kulala wakurugenzi walilala mkekani wamejitandaza, wakakoroma, wakajamba, na watoto wenyewe wakasimama kando kuwapepea nzi. Kwa kuwa nafasi za utoto zilikuwa zimejaa, watoto wa Mashineni walipewa uteuzi mwingine. Mmoja alikuwa Mlezi Msaidizi wa Naibu. Mbonde, ambaye hakuwa amejua kusema hata neno moja, aliteuliwa kuwa Msemaji wa Mradi, na hadi leo inakubalika kwamba wizara haijapata msemaji mwangalifu kama yeye.

Asubuhi moja watoto walichoka. Sufuria ilikuwa imekwisha kabla haijawafikia, kama jana, kama juzi. Wakakaa mkekani, wakageuza bakuli zao kifudifudi, mmoja baada ya mwingine, wakaweka mikono juu yake, wakamtazama Waziri.

Waziri akawatazama na yeye. Machozi yakamlengalenga. "Mlekwa," alinong'ona, "wameshiba."

"Mheshimiwa, sivyo," aliruka Baba Mbonde, ambaye zamu ilikuwa yake. "Samahani sana. Wakifanya hivyo maana yake hawakubali."

"Hawakubali nini?"

"Kuongezewa," alidakia Bwana Mlekwa. "Wameshiba mpaka hawakubali kuongezewa, Mheshimiwa."

Baba Mbonde alifungua mdomo. Alitazama magari pale nje, akatazama askari aliyeegemea gari la mwisho, akamtazama mwanawe. Akabana midomo kwa vidole.

Mchana redio ilitangaza kwamba Mashineni imetokomeza njaa. Maziwa ya mradi yakapunguzwa, kwa kuwa yalikuwa yanabaki. Akaajiriwa bwana mmoja aitwaye Afisa Tathmini, kazi yake kuchungulia juu ya ua kila asubuhi, na akiona bakuli zimegeuzwa anarudi ofisini kuandika kwamba wameshiba. Alikuwa mtu wa bidii, hakukosa hata siku moja, na wala hakuingia ndani hata siku moja.

Mtauliza kwa nini Chausiku hakumtoa mwanawe. Ampeleke wapi? Gesti haikuruhusu watoto. Na isitoshe, kumtoa mtoto kwenye mradi kulikuwa kumeshatajwa bungeni, katikati ya kuteka ndege na kuchoma bendera.

Jumapili moja alikuwa anatandika kitanda chao, akaona kona moja ya shuka imekunjwa kwa ndani. Imekunjwa vizuri. Akaikunjua, na alichokikuta ni kile kile alichokuwa akikikuta gesti kila siku ya Mungu.

"Siku," aliita. "Njoo hapa. Nani amekufundisha hivi?"

Mtoto akaja, akaitazama kona, akashangaa kuulizwa. "Watoto wenzangu," alisema.

Chausiku akakaa kitandani. Alitaka kumpiga, akaona mkono wenyewe hauna nguvu. Alitaka kulia, akaona aibu. Alilichukua lile shuka, akaenda nalo uani, akalifua peke yake, akalifua tena, na ndani ya moyo wake aliwachukia watu wale chuki isiyo na mfano. Chakula walichokula alikuwa ameshawasamehe. Hili hapana.

*

Kisha ikatangazwa kwamba Mzazi Mkuu mwenyewe anakuja. Ua ulipakwa rangi upande wa nje. Uji ulipikwa na mpishi wa ikulu, uji wa maziwa matupu, na siagi, na hiliki, na harufu yake ilivuka barabara ikawafanya hata wapiga debe wa stendi wanyamaze. Mzazi Mkuu alikalishwa kwenye kiti cha enzi kilichoshushwa na kreni, akasema anataka kuona utaratibu wa asili, ule wa wananchi wenyewe. Ikabidi Sikujua arudishiwe upawa.

Sikujua akasimama mbele ya sufuria, akauliza kama walivyokuwa wakiuliza zamani. "Nani mdogo kuliko wote?"

Mbonde akajongea, bakuli kifuani. Waziri alimsukuma kando kwa goti.

"Mimi," alisema Waziri. "Nina miaka mitatu."

Katika nchi ile Katibu Mkuu hampiti Waziri wake hata mlangoni. Lakini ile hiliki ilikuwa imeshampanda Bwana Mlekwa kichwani. "Mimi nina miezi sita," alisema.

Waziri alimkata jicho. "Nimekosea. Nina miezi minne. Sijaota hata jino." Akaachama kuthibitisha, na meno ya dhahabu yakang'aa juani.

"Kitovu changu hakijadondoka!" alipiga kelele Bwana Mlekwa, akapandisha shati. Tumbo likamwagika nje. Chausiku alikiona kile kitovu, akaapa moyoni kwamba hakijaguswa na sabuni tangu nchi ile ipate uhuru.

Waziri alitetemeka mashavu. Alimtazama Mzazi Mkuu, akaitazama sufuria, akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Mimi," alinguruma, "sijazaliwa!"

Makofi hayo! Mzazi Mkuu aliinuka kwenye kiti. "Mmeona?" alisema, sauti ikimkatika. "Mmemwona kiongozi? Anakubali hata kutokuwepo kwa ajili ya taifa lake. Huu ndio unyenyekevu ninaousema kila siku!" Kusikia hivyo wakurugenzi walijitupa mkekani mmoja baada ya mwingine, wakajikunja, magoti kidevuni, vidole mdomoni, macho wamefumba, mate yanawachuruzika. Hakuna aliyethubutu kuwa amezaliwa kabla ya Waziri wake. Bwana Mlekwa ndiye aliyejikunja wa mwisho, kitovu kikiwa bado nje.

Sikujua alisimama na upawa, amezungukwa na watu wazima waliolala. Akageuka mlangoni. "Mama, asiyezaliwa ana bakuli?"

Hapakuwa na damu, hapakuwa na moto, na mfuniko wa kisima ulikuwa mahali pake. Chausiku akanyamaza. Alinyamaza huku anamwomba Mungu.

Sikujua akafikiri mwenyewe. "Asiyezaliwa hana bakuli," alisema. "Chakula anakula mama yake." Akachota upawa mmoja, akammiminia Mbonde, na Mbonde akaanza kula pale pale akiwa amesimama.

Aliishia hapo. Alipoinamia sufuria mara ya pili, Mzazi Mkuu alikuwa anapiga kelele kwamba viumbe hawa watapata baridi, kwamba ni uzembe wa hali ya juu kuwaacha mkekani watu wasiozaliwa, na kwamba mahali pao panajulikana hata na sayansi. Wakabebwa vile vile walivyojikunja, wakapakiwa magarini kwa uangalifu. Sufuria ikabebwa nyuma yao. Bembea ikakatwa ikabebwa, maana waliizoea. Magunia ya unga yakabebwa. Sikujua alibaki na upawa mkononi, akiisindikiza sufuria kwa macho mpaka ilipokata kona.

*

Leo katika mji mkuu wa nchi ile ipo Nyumba ya Mimba ya Taifa, jengo la mviringo, lina giza, lina joto la kupendeza, na kuta zake zinanesa. Waheshimiwa wamo ndani wanaelea. Uji hupita kwenye mpira mnene unaoanzia hazina. Waziri akitaka nyongeza hupiga teke, na redio hukatiza matangazo kuwapongeza wananchi kwa teke hilo. Mzazi Mkuu ameongezewa cheo cha Mjamzito wa Kwanza, na kila mwaka hufanya sherehe ya kutimiza miezi tisa. Hawajazaliwa mpaka hivi ninavyoandika. Wapo wanaosema heri wabaki humo humo.

Kule Mashineni wazazi waliazima sufuria kwa mama ntilie wa stendi, wakachanga unga, wakafagia banda. Walisugua mkeka kwa majivu na mchanga, na harufu ya zile soksi haikutoka, wakauchoma wakanunua mwingine. Zamu ya kwanza iliangukia kwa Chausiku. Alipika, akautua uji katikati, akajimiminia kikombe cha chai, akaenda kukaa kwenye kigoda. Watoto wakakaa na bakuli zao. Ilikuwa kama zamani.

Sikujua akashika upawa. Hakuuliza nani mdogo. Alilivuta bakuli lake, akachota kutoka katikati ya sufuria penye uji mzito, akajaza mpaka ukingoni.

"Siku," alisema mtoto mmoja kwa upole, "mwenye upawa anakula wa mwisho."

"Huo ulikuwa utaratibu wa zamani," alijibu Sikujua, na sauti ilikuwa nzito, si yake. "Mimi ndiye mdogo kuliko wote. Mimi sijazaliwa."

Damu, moto, kisima. Chausiku aliitafuta damu kwa macho, hakuiona. Aliutamani moto. Alimwona mwanawe akiinua bakuli, akaona midomo ikichongoka kama ya Waziri siku alipokuwa akimpangusa, na kinyaa kile cha gesti kikampanda kooni, safari hii kwa mtoto wa tumbo lake mwenyewe. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Aliyeanza alikuwa Mbonde, na Mbonde alikuwa bado hajajua kusema. Aligeuza bakuli lake kifudifudi, akaweka mikono miwili juu yake. Akafuata wa pembeni yake. Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka mkeka mzima ukawa matako ya bakuli, na macho yote yakawa kwa Sikujua.

Juu ya ua kikatokea kichwa cha Afisa Tathmini. Akazitazama bakuli, akatabasamu, akateremka, akaenda zake kuandika.

Sikujua alikuwa na uji mdomoni na haukushuka. Akageuka kumtafuta mama yake mlangoni. Chausiku alimtazama mwanawe, akaimwaga chai yake chini, yote, akakigeuza kikombe kifudifudi juu ya goti na kuweka mkono juu yake.

Mtoto akaanza kulia. Alilia kwa sauti yake mwenyewe, ile nyembamba, na hakuna aliyemzuia wala kumbembeleza. Alipomaliza alijipangusa pua kwa mkono wake, akaenda kuunawa kwa maji ya ndoo, akarudi. Akalimimina bakuli lake ndani ya sufuria.

"Nani mdogo kuliko wote?" aliuliza.

Mbonde akaligeuza bakuli lake, akaliinua. Sikujua akagawa, akapanda kwa umri, na alipofika kwake uji ulikuwa umekwisha. Akakwangua ukoko, akakaa nao mkekani akautafuna, kisha akainuka kwenda kuwanawisha wadogo mikono.